Kukagua Kompresa ya Mtumba Kabla Haijaanza Kazi: Mwongozo Kamili

"Washa tuone." Ndivyo kompresa nyingi za mtumba zinavyonunuliwa, iwe mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi. Mashine inanguruma, geji inapanda hadi bar 8, swichi inakata, mnunuzi anahesabu hela. Baada ya miezi michache malalamiko ni yaleyale: mota imeungua, upepo unavuja usiku kucha, tangi limetoboka chini.

Kuanza kwa kuwasha ndiko kunakoharibu ukaguzi. Pampu ikichoka utaisikia, mota ikichoka utainusa. Tangi huoza kwa ndani bila kutoa sauti, nalo ndilo lenye uwezo wa kuua. Tangi la lita 100 lililojazwa hadi bar 8 limebeba nishati ya takriban kilojuli 100, sawa na gari la tani moja likidondoka kutoka urefu wa mita 10, na chuma kikipasuka nguvu hiyo yote hutoka kwa mkupuo. Kwa hiyo hapa tunaanza na tangi likiwa tupu, tunafuata vifaa vinavyolilinda, kisha umeme. Swichi ya kuwashia inaguswa kuelekea mwisho.

Mwongozo huu ni wa kompresa za pistoni zenye tangi la lita 24 hadi 200 na presha ya bar 8 hadi 10, zile zinazotumika kwenye pancha, rangi na gereji.

## Vifaa vya kuandaa

- Miwani ya kukinga macho, vizibo vya masikio na viatu vigumu
- Tochi kali, na ukiweza kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu
- Nyundo ndogo ya gramu 200 hadi 300, brashi ya waya na bisibisi kuukuu
- Spana, spana ya bomba, tredi tepe, na plagi za chuma za kuzibia matundu ya tangi
- Geji nyingine ya presha unayoiamini, ya bar 0 hadi 16
- Beseni jeupe, maji ya sabuni na brashi ya rangi
- Tepu ya fundi nguo
- Pampu ya mkono ambayo mafundi bomba hupimia mabomba (ya kuazima inatosha)
- Multimita, pamoja na mega ya volti 500 (kifaa cha kupima kama umeme unavuja kutoka kwenye nyaya) kutoka kwa fundi umeme
- Valvu mpya ya usalama (hufunguka yenyewe presha ikizidi), oili ya kompresa na mkanda mpya

Vitu vya mstari wa mwisho viingie kwenye hesabu kabla hujapatana bei. Muuzaji anayesema valvu "bado nzima" hakupunguzii gharama yoyote, maana utaibadilisha tu.

## Hatua ya 1: Soma kibao cha tangi

Kompresa ina vibao viwili, cha mota na cha tangi. Watu husoma cha mota na kuishia hapo. Tafuta cha tangi, mara nyingi kimepigiliwa ubavuni au kimechomelewa kwenye mguu, na kama kimepakwa rangi kikwangue taratibu.

Andika presha ya juu inayoruhusiwa (huandikwa PS au MAX. WORKING PRESSURE), ujazo kwa lita (V), mwaka wa kutengenezwa na namba ya tangi. Tangi la Ulaya mara nyingi lina alama EN 286-1, la Marekani lina ASME na herufi U.

Angalia vipimo kwa makini. Bar 1 ni psi 14.5, hivyo psi 116 ni bar 8. Mashine za Japani huandikwa MPa, na 0.8 MPa ni bar 8. Za zamani zaidi zina kgf/cm², ambayo inakaribiana sana na bar: 10 kgf/cm² ni bar 9.8.

Onyo: Tangi lisilo na kibao halina presha inayojulikana. Usikisie kwa kulinganisha na la jirani linalofanana nalo. Liache, au lichukue kwa bei ya pampu na mota pekee ukijua utanunua tangi lingine.

Mtungi wa gesi ya kupikia uliochomelewa nipeli na kufungiwa kompresa ya friji hauna sababu ya kufika hatua ya pili. Hauna koki ya kutolea maji chini, umechomelewa kwa mkono baada ya kutoka kiwandani, na hakuna anayejua unastahimili nini sasa.

## Hatua ya 2: Toa upepo wote, kisha soma maji

Geji ikionyesha sifuri haimaanishi tangi ni tupu, maana geji za mtumba hukwama. Vaa miwani, vuta pete ya valvu ya usalama mpaka sauti iishe kabisa, ndipo ufungue koki ya chini juu ya beseni jeupe.

Maji machache yenye rangi ya kutu hafifu ni ya kawaida. Maji mazito mekundu yenye magamba yanasema kuta zimeanza kumenyuka. Mchanganyiko mzito mweupe ni oili iliyokorogwa na maji: ringi za pistoni zimelika, au tangi halijatolewa maji kwa muda mrefu, au yote mawili.

Koki isiyofunguka, au inayofunguka bila kutoa chochote kwa sababu imeziba, ni habari mbaya kuliko maji mekundu. Maana yake maji yamelala tumboni mwa tangi kwa miaka. Usiifungue kwa spana mpaka uhakikishe juu hakuna upepo tena.

## Hatua ya 3: Kagua tangi nje na ndani

Hapa usiwe na haraka. Laza kompresa ubavu kwenye magunia au mbao ili tumbo la tangi lionekane lote. Oili inaweza kumwagika, kwa hiyo itoe kwanza kwenye pampu.

Nje. Kwangua rangi kwa brashi ya waya sehemu tatu. Ya kwanza ni mstari wa chini kabisa, hasa kuzunguka koki, ambako maji hutuama. Ya pili ni pale miguu na kitako cha pampu vilipochomelewa kwenye tangi: mtetemo huzaa nyufa nyembamba pembeni ya mshono, na rangi huzificha. Ya tatu ni mishono ya kiwanda kwenye vichwa viwili vya tangi.

Rangi mpya iliyopakwa tumboni tu, huku juu rangi ikiwa ya zamani, ina maelezo yake. Usiiamini mpaka uone chuma.

Sauti. Tangi likiwa tupu kabisa, ligonge kidogo kidogo kwa nyundo kuanzia juu ukishuka. Chuma kizima hulia wazi. Ukifika chini sauti ikawa nzito na butu, kuna tabaka la kutu au matope, au chuma kimekonda. Bonyeza hapo kwa ncha ya bisibisi. Kikibonyea au kikimeguka, ukaguzi umekwisha.

Ndani. Fungua plagi kubwa zaidi au toa swichi ya presha (ile inayozima na kuwasha mota yenyewe), kisha ingiza kamera au umulike kwa tochi. Vumbi jekundu lililosambaa sawasawa si tatizo kubwa. Unachotafuta ni vishimo. Kishimo kimoja kirefu kina madhara kuliko kutu nyepesi ya tangi zima, kwa sababu tangi hupasukia pale palipo pembamba.

Kataa tangi lenye moja ya haya: kiraka, mshono wa welding usio wa kiwanda, gundi ya chuma, ufa wowote, au bonyeo lenye kona kali.

Usichomelee tangi lililotoboka. Tobo la ukubwa wa sindano linaonyesha kuwa chuma chote kinacholizunguka kimekonda. Ukichomelea unaziba tobo na kukipa moto chuma chembamba pembeni yake, halafu unakirudishia bar 8. Ushauri huu ndio unaopuuzwa kuliko wote, kwa sababu welding ni shilingi chache na tangi jipya ni ghali.

Ukifaulu: mishono ni safi, sauti ya chini na juu zinafanana, ndani hakuna vishimo wala magamba.

## Hatua ya 4: Pima tangi kwa maji

Macho hayatoshi. Tangi linapimwa kwa maji kwa sababu maji hayabanwi kama upepo: likipasuka likiwa na maji, presha hushuka papo hapo na linavuja tu. Likipasuka likiwa na upepo, linaruka vipande.

Kama kompresa inakwenda kazini, kazi hii ni ya mkaguzi aliyeidhinishwa. Matangi ya presha ya mahali pa kazi yako chini ya Sheria ya Usalama na Afya ya mwaka 2003 Tanzania, inayosimamiwa na OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), na ile ya mwaka 2007 Kenya, chini ya DOSHS (kurugenzi ya usalama na afya kazini). Cheti chake pia kinakusaidia siku ya kuuza. Zifuatazo ni hatua za kazi yenyewe, ili ujue inavyofanywa na usikubali ya mkato.

1. Toa kila kitu kwenye tangi: pampu, swichi, geji, valvu zote. Ziba matundu kwa plagi za chuma zenye tredi sawasawa. Plastiki na mbao hazifai.
2. Weka tangi juu ya mbao imara, tundu moja likiwa sehemu ya juu kabisa. Lita 100 za maji ni kilo 100, magurudumu ya kompresa hayakutengenezwa kwa mzigo huo.
3. Jaza maji mpaka yafurike. Litikise na kuliinamisha, kisha jaza tena mpaka mapovu yaishe. Upepo kidogo uliobaki ndani unarudisha hatari unayoikimbia.
4. Funga pampu ya mkono na geji unayoiamini. Pima mzingo wa tangi katikati kwa tepu na uandike.
5. Pandisha presha hadi nusu ya PS, subiri dakika mbili. Panda hadi PS, subiri tena. Malizia kwa mara 1.3 ya PS. Tangi la bar 8 linafika 10.4, la bar 10 linafika 13.
6. Acha kwa dakika 15 hadi 30. Usisimame mbele ya vichwa vya tangi na usiligonge.
7. Tazama geji, halafu kila mshono. Pima mzingo tena ukiwa kwenye presha, na mara ya tatu baada ya kuishusha.

Ukifaulu: geji haijashuka, hakuna jasho kwenye mshono, na mzingo umerudi ulivyokuwa. Mzingo ukibaki mkubwa baada ya presha kushuka, chuma kimevutika, na tangi hilo halifai hata kama halikuvuja tone.

Geji ikishuka kidogo na hakuna maji popote, kwanza kagua plagi na pampu ya mkono. Mara nyingi tatizo ni hapo.

Kipimo cha maji kinasema tangi limestahimili leo. Hakisemi chuma kimebaki milimita ngapi. Kwa tangi la zaidi ya miaka 10 hivi, mwombe mkaguzi apime unene kwa mawimbi ya sauti, hasa tumboni. Baada ya hapo mwaga maji yote na liache wazi juani likauke.

## Hatua ya 5: Vifaa vinavyolinda tangi

Valvu ya usalama. Weka mpya, yenye presha iliyogongwa kwenye mwili wake. Presha hiyo isizidi PS ya tangi, na iwe juu kidogo ya ile ambayo swichi inakata. Kwa tangi la bar 10: swichi ikate kwenye 8, valvu ifunguke kati ya 9 na 10. Kwa tangi la bar 8: swichi 7, valvu 8. Hakikisha pia inaweza kutoa upepo mwingi kuliko pampu inavyozalisha, vinginevyo itapuliza huku presha ikiendelea kupanda.

Isiwe na koki yoyote kati yake na tangi. Na kama tundu lake lilikuwa limezibwa kwa bolti, jua mashine hiyo imeendeshwa bila kinga, kisha rudia hatua ya 3 kwa jicho kali zaidi.

Geji. Ifunge sambamba na yako. Zikitofautiana zaidi ya nusu bar, badilisha.

Valvu ya kuzuia upepo kurudi. Ifungue pale bomba la kutoka kwenye pampu linapoingia tangini. Safisha kikalio chake na uangalie springi. Tazama pia ndani ya bomba: masizi meusi mazito yenye oili yanaweza kushika moto pampu ikipata joto kali. Yakwangue yote au badilisha bomba.

Onyo: Usisafishe ndani ya pampu, bomba au chujio la upepo kwa petroli wala mafuta ya taa. Mvuke wake ukibanwa na pistoni unaweza kulipuka.

## Hatua ya 6: Pampu na mkanda

Zungusha puli kwa mkono, umeme ukiwa umechomolewa. Izunguke laini, usikie ikibana na kuachia, bila kugonga.

Weka oili ya kompresa, VG 100 (namba ya uzito wa oili) kwa maeneo yetu ya joto, hadi katikati ya kioo. Oili ya injini ya gari ina viungo vinavyoacha masizi kwenye valvu, nayo mara nyingi ndiyo chanzo cha masizi uliyoyaona kwenye bomba.

Mkanda ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uingie milimita 8 hadi 12. Kava lake lisipokuwepo, tengeneza la wavu wa chuma kabla ya kuwasha. Kompresa hujiwasha yenyewe presha ikishuka, na kidole kilichokuwa kinafuta vumbi kwenye mkanda hakipewi taarifa.

## Hatua ya 7: Umeme

Soma kibao cha mota. Mashine iliyotoka Japani inaweza kuwa ya volti 100, na ya eneo la ujenzi Uingereza ya volti 110. Ukiichomeka kwenye volti 230 utanusa matokeo baada ya sekunde chache.

Pima kwa multimita kati ya mwili wa chuma na mguu wa athi wa plagi: isizidi ohmu 1. Pima kwa mega ya volti 500 kati ya nyaya za mota na mwili: isipungue megaohmu 1. Chini ya hapo mota imeingia unyevu au koili zimechoka, na anayeshika tangi lenye jasho ndiye atakayepigwa.

Kabla ya kugusa kapasita (kikopo cha mota kinachohifadhi umeme), itoe chaji kwa kuigusisha na balbu ya wati 60. Hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Mota ya kilowati 2.2 huvuta takriban ampea 13 au zaidi, hivyo plagi ya kawaida ya ampea 13 itayeyuka siku moja. Ifungie laini yake yenye sakiti breka. Usitumie ekstensheni ndefu nyembamba: volti hushuka, mota hushindwa kuanza, inaungua. Ukihitaji kufika mbali, refusha mpira wa upepo, si waya.

Kwa mota ya fezi tatu, angalia mshale wa mzunguko. Ikizunguka kinyume, itajaza upepo lakini feni haitapoza pampu. Badilishana nyaya mbili kati ya tatu.

## Hatua ya 8: Kuwasha kwa mara ya kwanza

Watu wengine wakae mbali. Simama karibu na swichi ya ukutani, usisimame mbele ya vichwa vya tangi.

Washa kompresa huku koki ya chini ikiwa wazi, iende dakika 10 bila mzigo. Sikiliza kama kuna kugonga. Kisha funga koki na usimamishe kwenye bar 2, 4 na 6, kila mara ukipaka maji ya sabuni kwenye viungo na mishono. Kiungo kinachotoa povu hukazwa baada ya kutoa upepo, kamwe si wakati kuna presha.

Kwenye bar 6 vuta pete ya valvu ya usalama mara moja. Valvu inatakiwa ipulize kwa nguvu na ijifunge yenyewe bila kuendelea kufoka.

Sasa iache ifike mwisho. Swichi ikikata lazima usikie "pssss" fupi: upepo uliobaki kwenye bomba unatolewa ili mota ianze bila mzigo. Usipousikia, mota itahangaika kila inapoanza. Mlio huo ukiendelea bila kukoma, valvu ya kuzuia upepo kurudi inavuja, na tangi linajimwaga kupitia kwenye swichi.

Presha ikipita alama ya kukatia kwa nusu bar, zima ukutani, rudi nyuma, acha itulie. Usiisogelee kurekebisha skrubu ya swichi ikiwa inajaa.

Pima muda wa kujaa. Zidisha lita za tangi kwa bar: lita 100 hadi bar 8 ni lita 800 za upepo. Pampu inayotoa lita 200 kwa dakika itachukua dakika 4. Kama kibao kinataja ujazo wa pistoni, chukua asilimia 60 hadi 70 tu ya namba hiyo. Ikichelewa sana, ringi au valvu za pampu zimelika. Ikijaa haraka kuliko hesabu, usifurahi: tangi lina maji, nafasi ya upepo imepungua. Wauzaji hupenda sana kuonyesha kompresa "inayojaa chap".

Pima kuvuja. Zima, subiri dakika 15 upepo upoe, maana ukipoa presha hushuka bila kuvuja. Andika geji, rudi baada ya nusu saa. Isishuke zaidi ya nusu bar.

## Hatua ya 9: Kabla ya mteja wa kwanza

Mpira wa upepo uwe na presha iliyoandikwa juu yake inayozidi ile ya tangi, na ufungwe kwa klipu, si kwa waya. Usisambaze upepo kwa mabomba ya PVC ya maji. Upepo ukiyapasua yanarusha vipande vikali.

Andika kwa rangi ubavuni mwa tangi PS yake na tarehe ya kipimo cha maji. Kila jioni zima umeme, shusha presha hadi bar 1 au 2, fungua koki mpaka maji yaishe, na uiache wazi hadi asubuhi.